Gari ya Kugongwa kwa Kubadhi

Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi wa magari, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Walimu wangu, wanangu, ahsanteni kwa kunialika. Mwenzenu mmoja pale mlangoni ameniuliza, "Mzee, hii Morris yako unakodisha maharusi?" Nikamwambia hapana mwanangu, naendea sokoni. Leo asubuhi imebeba mikungu miwili ya ndizi na mke wangu, kisha ndiyo iliyonileta hapa. Kwa hivyo nazungumzia gari ya kizamani ya kuendesha kila siku. Zile za kung'arishwa na kupigwa picha wana wenyewe.

Mwaka 1948 zilitoka gari tatu ambazo mpaka leo wapo watu wanaoziendesha. Aprili ilionyeshwa Land Rover mjini Amsterdam. Oktoba ikatoka Morris Minor London, ndiyo aina ya hii yangu, na Citroën 2CV Paris. Vita vina miaka mitatu tu tangu viishe. Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, ndiyo maana bodi ya Land Rover ikafanywa ya aluminiamu. Mmeziona zile za kuingia mashamba ya karafuu, chesisi, ile fremu ya chini, imeliwa na kutu mpaka kidole kinapita, na bodi juu yake iko vile vile? Sababu ndiyo hiyo. Mfaransa alikwenda mbali zaidi. Mkuu wa Citroën, Pierre-Jules Boulanger, aliwataka wahandisi wake wamfanyie gari ya mkulima: ichukue kilo 50 za viazi, ikimbie kilomita 60 kwa saa, inywe lita 3 kwa kilomita 100. Tena ipite juu ya shamba lililolimwa na kapu la mayai lisivunjike hata moja. Weka karafuu pahala pa viazi, utasema alikuwa akimfikiria mtu wa Konde, hapa hapa Pemba.

Gari hizi zilizaliwa katika dhiki. Aliyezichora alijua mnunuzi hana pesa, gereji iko mbali, na spea huenda isipatikane. Sasa niambieni, hapo ni Ulaya ya 1948 au ni Pemba ya leo?

Masika yaliyopita nilikuwa narudi kutoka Wete, magharibi imeshaingia, mvua haijakatika vizuri. Gari ikanizimikia kwenye mlima. Nikafunga swichi, nikafungua tena, nikatega sikio. Kimya. Basi nikajua. Pampu ya mafuta ya Morris, aina ya SU, ni ya umeme, na imefungwa ukutani ndani ya boneti. Ukifungua swichi hulia tik-tik-tik mpaka kabureta, pale mafuta yanapochanganywa na hewa, ishibe, ndipo inanyamaza. Ikinyamaza tangu mwanzo, mgonjwa ni yeye. Ndani mna ncha mbili za umeme zinazogusana na kuachana, na zikiungua hugoma. Nikafungua boneti, nikavua kubadhi langu la kulia, nikaigonga mara mbili. Tik-tik-tik. Kijana aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama kuniangalia, nadhani aliona ni uganga. Asubuhi yake niliifungua pampu juu ya meza ya jikoni, nikazisugua zile ncha kwa msasa laini, nikaifunga. Gharama yake kipande cha msasa, na maneno niliyoyapata kwa ajili ya meza.

Mpwa wangu ana gari ndogo ya Kijapani, nzuri, ina kiyoyozi. Ilimzimikia njia ya Mkoani. Starta inazungusha, haiwaki. Gereji ya kwanza wakambadilishia plagi. Ya pili wakambadilishia pampu. Alipopatikana mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ikaonekana ni sensa inayosoma mzunguko wa injini, kidude kama dole gumba. Kikaagizwa Dar es Salaam, kikaja kwa boti, kumbe sicho. Kikarudishwa. Siku tisa mtu anakwenda kazini kwa daladala, na gari iko uani imefunikwa turubali.

Sisemi gari yake mbovu. Sensa zile na kompyuta yake ndizo zinazompimia mafuta, ndiyo maana kituoni mimi natoa pesa nyingi kuliko yeye. Na nyinyi mkijifunza kusoma zile mashine mtakula vizuri, msiache. Ila yake ikiugua hupata taa ya njano tu, na aliyesimama peke yake barabarani ile taa hamwambii kitu.

Yangu huniambia. Chukueni distributa, kile kinachogawa umeme kwenye plagi. Ukiondoa kifuniko utakuta platini, zinazofunguka na kufunga ili cheche iende kwenye plagi. Nafasi baina yake zikiwa wazi ni kama milimita 0.35 hadi 0.4. Kama huna kipimo, kadi ya harusi itakufikisha nyumbani, lakini usitumie ile yenye maua ya kubandika. Na injini yenyewe, wanayoiita A-Series, ilianza 1951, baada ya Morris za mwanzo, ikaendelea kutiwa kwenye zile gari ndogo za Mini mpaka mwaka 2000, kwa hivyo platini na gasketi zake bado zinatengenezwa.

Msije mkatoka hapa mkasema mzee katuambia gari za zamani hazisumbui. Zinasumbua! Miguu ya mbele ya Morris imeshikwa kwa hesi, yaani meno kama ya skrubu, na hesi zile zinataka grisi mara kwa mara. Mwaka mmoja niliona uvivu, nikapitisha miezi. Nikiwa nakata kona karibu na Machomanne, polepole alhamdulillahi, gurudumu la kushoto likajikunja chini ya gari kama mguu wa ng'ombe anayelala. Kosa hilo langu, wala sina wa kumtupia.

Breki zake ni za ngoma, magurudumu yote manne. Ukitoka kwenye dimbwi zikanyage kidogo kidogo zikauke kwanza. Mikanda ya usalama nimeitia mwenyewe. Na tukigongana na lori, mpwa wangu ana nafasi ya kutoka mzima kuliko mimi. Mjukuu wangu simpandishi mbele.

Kisha kuna kutu. Morris haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo chumvi ikila chini imekula gari. Wenye majahazi hupaka shahamu chini ya maji, na juu sifa, yale mafuta ya papa. Mimi hulala chini ya gari kabla ya masika nikaipaka oili chafu kwa brashi, kila kona. Nguo ya kazi hiyo mke wangu haiingizi ndani ya nyumba.

Maswali tutayajibu nje. Gari iko chini ya mwembe, boneti iko wazi. Kabla sijaingia humu nimelegeza kitu kimoja, haitawaka. Njooni na bisibisi, lakini kwanza fungueni swichi msikilize.