Ilianza Lini? Mzee Anapochanganyikiwa Ghafla
(Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii, Kisumu)

Mnanijua kwa swali moja: ilianza lini? Mama aliyehesabu pesa za omena Jumapili bila kukosea, Jumanne anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Msiniambie ni uzee. Usahaulifu wa uzeeni huja kwa miezi na miaka. Mkanganyiko huu wa ghafla huja kwa saa au siku, tena hupanda na kushuka: asubuhi anaongea vizuri, usiku anatafuta ng'ombe chini ya kitanda.

Huenda ni maambukizi yaliyojificha mwilini. Kuna atakayesema, "Lakini hana homa." Hapo ndipo tunapochelewa! Mwili wa mzee mara nyingi hauchemki kama wa mtoto. Kama joto lake la kawaida ni 36, basi 37.4 kwake ni homa. Acheni kushika paji la uso, hesabuni pumzi. Tazama kifua dakika nzima bila kumwambia, maana akijua unahesabu atabadilisha. Zikifika 25, fikiria nimonia hata kama hakohoi. Oksijeni ikipungua, ubongo huyumba. Hata isipopungua, kemikali ambazo mwili hutoa kupigana na vijidudu huvuruga kazi ya ubongo. Kijana huhimili, mzee aliyeishiwa maji au aliyeanza kusahau hahimili.

Anayepiga kelele hufikishwa hospitali upesi. Ninayemhofia ni aliyenyamaza: analala mchana kutwa, uji umeganda kikombeni, na jamaa wanasema "leo ametulia." Ametulia nini? Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume. Kama juzi angeweza na leo anapotelea Ijumaa, anaanza upya, anasahau umemuuliza nini, apelekwe leo. Si kesho boda ikipatikana.

"Huku kwetu ni malaria tu." Pimeni malaria, sawa. Kipimo kisipoionyesha, kazi haijaisha. Kikiionyesha, bado hesabu pumzi na pima sukari, hasa kwa anayetumia dawa za kisukari. Kuhusu mkojo niseme haraka: wazee wengi wasioumwa wana bakteria kwenye mkojo, kwa hiyo kijiti cha kupimia mkojo kubadilika rangi peke yake hakutoshi kusema chanzo ni maambukizi ya mkojo.

Muda unakwisha, naona mwenyekiti ananitazama. Msimpe Piriton, ile dawa ya mzio, wala vidonge vya usingizi ili atulie, vyaweza kumzidishia. Msimfunge kamba. Avae miwani yake, anayemjua akae naye, na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, zibebwe kwenye mfuko mmoja hadi kwa daktari. Maambukizi yakiisha, akili yaweza kuchukua wiki kadhaa kurejea, kwa hiyo msianze kugawa majukumu yake ya nyumbani siku ya tatu.