Kuutengeneza na Kuuziba Mtumbwi Mkongwe wa Mbao

Mabibi na mabwana,

Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza juu ya kazi ninayoipenda. Mtu akipata mtumbwi mkongwe, swali lake la kwanza huwa aupake nini ili usivuje. Swali hilo ni la haki, lakini huja mapema mno, na wengi wanaolijibu kabla ya wakati wake huishia kuuozesha mtumbwi waliotaka kuuokoa. Ninachoomba tukitazame kwa makini leo ni unyevu: unavyoingia katika mti, unavyotoka, na unavyonaswa ndani na fundi mwenye haraka.

Maji peke yake hayauozeshi mti. Mtumbwi wa Pesse, uliofukuliwa nchini Uholanzi mwaka 1955 wakati wa ujenzi wa barabara, ulichongwa kutoka gogo la msonobari zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, na ule wa Dufuna, uliokutwa Nigeria mwaka 1987 na mfugaji aliyekuwa akichimba kisima, una umri wa takriban miaka 8,000. Yote miwili ilidumu kwa sababu ilifukiwa katika udongo uliojaa maji, mahali ambapo hapakuwa na hewa ya kutosha. Kuvu wanaokula mti huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Unyevu wa mti ukishuka chini ya asilimia 20 hivi hawawezi kuanza kazi yao, na mti ukizama kabisa hukosa pumzi. Kwa hiyo sehemu inayoharibika ni ile inayolowa na kukauka kila mara: kingo za juu, sakafu ya ndani inayotuama maji ya mvua, na ncha mbili, omo (mbele) na tezi (nyuma).

Ncha hizo zina jambo la pekee. Mti hunyonya maji kupitia vinywa vya nyuzi zake, yaani pale zilipokatwa, kwa kasi kubwa kuliko kupitia ubavu wake, na katika mtumbwi wa gogo vinywa hivyo vimefunguka mbele na nyuma. Maji huingilia hapo na hutokea hapo. Ndiyo sababu nyufa nyingi huanzia kwenye ncha na kutambaa kuelekea katikati.

Mtumbwi ukishatolewa majini, usafishwe kwa maji yasiyo na chumvi na brashi laini, hasa ikiwa ulifanya kazi baharini, maana chumvi iliyobaki ndani ya mti huvuta unyevu wa hewa na kuuzuia usikauke. Mashine ya maji ya shinikizo isitumike, kwani hung'oa nyuzi laini na kuacha uso wenye makovu. Rangi ya zamani nayo huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo isisuguliwe ikiwa kavu hata vumbi likajaa hewani. Ilowanishwe kwanza, na fundi avae barakoa inayofaa.

Baada ya hapo uinuliwe juu ya magogo, kivulini, penye upepo, ukiwa umepinduliwa, na ncha zake zipakwe nta ili zisikauke kabla ya tumbo. Tafadhali msiuanike juani. Mti ukikauka chini ya kiwango cha asilimia 30 hivi huanza kusinyaa, na kusinyaa kwenyewe hakulingani: kwa kuifuata mizunguko ya umri wa mti ni karibu mara mbili ya kule kunakotoka kwenye kiini kuelekea gome, na kwa urefu wa nyuzi ni kidogo mno. Uso ukikauka haraka huku ndani kungali na maji, uso huo hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Mtumbwi mnene wa gogo huhitaji miezi mingi. Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kuupima kwa mizani kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, mti umekubaliana na hewa iliyouzunguka.

Mwanzoni mwa kazi yangu sikuwa na subira hiyo. Niliupaka mtumbwi mmoja epoksi, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, ndani na nje wiki tatu tu baada ya kutoka majini, nao ukapendeza kuutazama. Msimu uliofuata epoksi ilivimba kama malengelenge, na nilipoipasua nilikuta mti wa chini yake umekuwa laini kama sifongo. Nilikuwa nimewafungia kuvu ndani pamoja na maji yao. Mwenye mtumbwi alinisamehe, lakini ubavu ule haukuweza kurudishwa.

Wakati mtumbwi unakauka, ukaguliwe. Gongeni kwa nyundo ya mti kila mahali. Mti mzima hutoa sauti kali, uliooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Choma kwa ncha ya kisu: kama inazama bila upinzani, hapo pameharibika. Mti uliogeuka kahawia na kukatika vipande vipande kama dadu ndogo umekwisha nguvu, hata kama umbo lake bado limesimama, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Uchongwe kwa patasi mpaka pazima, na kupita hapo kidogo, kwa sababu nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya uozo unaoonekana. Kiraka kitoke kwenye mti wa aina ileile ikiwezekana, wenye ukavu uleule, na nyuzi zake zielekee upande mmoja na nyuzi za mtumbwi, ili vivimbe na kusinyaa pamoja. Kingo zake zikatwe kwa mshazari mrefu. Kwa ubao mwembamba unaoungwa kwa gundi, mshazari wa urefu mara 8 ya unene ni kipimo kizuri.

Sasa tufike kwenye kuziba, ambako mafundi hawakubaliani. Zipo njia mbili, na kila moja ina akili yake. Ya kwanza inaukubali mti uendelee kuvimba na kusinyaa, na inaziba kwa vitu vinavyotii: pamba iliyosokotwa na kukalafatiwa, yaani kushindiliwa ndani ya ufa, kwa chembeu (patasi ya kazi hiyo), lami ya msonobari, mafuta. Ya pili inaufungia mti mkavu ndani ya ngozi ya epoksi na kitambaa cha nyuzi za kioo ili usibadilike tena. Kosa kubwa ni kuzichanganya. Ukijaza ufa kwa kitu kigumu kisha ukaurudisha mtumbwi majini bila kuufunga pande zote, mti utavimba, utakutana na kabari isiyobonyea, na ufa utarefuka kupita mwisho wake wa zamani.

Kwa mtumbwi mnene wa gogo mimi huchagua njia ya kwanza bila kusita, kwa kuwa mti wa unene huo haukauki sawasawa, na kila mkwaruzo wa mwamba hufungua mlango wa maji chini ya epoksi. Epoksi naiheshimu kwenye mtumbwi wa mbao nyembamba, mti ukiwa chini ya asilimia 15 za unyevu, na bora chini ya 12. Hapo ipakwe ndani na nje, kisha vanishi inayozuia mionzi ya jua juu yake, kwa sababu jua huiunguza epoksi iliyo wazi. Lami ya kuezekea mapaa siishauri popote. Hupenya kila rangi itakayowekwa juu yake, na gundi haishiki tena mahali ilipopita.

Anayetumia mafuta ya kitani apake mkono wa kwanza yakiwa yamepunguzwa kwa tapentaini, afute yasiyonyweka baada ya dakika 20 hivi, kisha angoje siku moja au zaidi kabla ya mkono wa pili. Ncha apake mpaka zikatae kunywa. Nasisitiza jambo moja hapa: mafuta haya hukauka kwa kuvuta oksijeni, na kazi hiyo hutoa joto. Matambara yaliyoloa yakirundikwa pembeni huweza kuwaka yenyewe usiku, na karakana zimeteketea hivyo. Yatandazwe nje moja moja, au yazamishwe katika kopo la chuma lenye maji.

Mwisho, msiushushe mtumbwi wenye kalafati mpya na kuanza kupiga kasia siku hiyohiyo. Uacheni uelee penye maji matulivu kwa siku mbili au tatu, mkiyatoa maji yanayoingia, na mweke alama ya chaki ndani kila mahali panapodondoka tone. Nyingi ya alama hizo zitakauka zenyewe mti unapovimba na kuibana pamba. Zile zitakazoendelea kulia siku ya tatu ndizo za kurudia kwa chembeu.