Sampuli Hufuata Mashine

Ndugu Mwenyekiti, naona baadhi yenu mnatabasamu. Mmeshajua nitaanza na nani. Naam, Profesa Jean-Jacques Muyembe. Nitamtaja hadi mchoke, maana hadithi yake ndiyo hadithi ya utafiti wetu Afrika unaotegemea maabara na fedha za wengine.

Mwaka 1976 daktari huyu wa Kongo alifika Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa nchi yake, watu wakifa kwa homa isiyojulikana. Akawatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glavu. Sampuli ya mtawa mmoja aliyeugua ikasafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Kirusi kikaonekana huko, na kwa miaka mingi sifa za kugundua Ebola zikaenda kwa waliopokea chupa.

Mtasema: angefanyaje, na Kinshasa haikuwa na maabara ya kuchunguza kitu kama kile? Sawa kabisa. Ndiyo hoja yangu hiyo! Sampuli hufuata mashine, na jina hufuata sampuli.

Lakini mzee hakukaa kulalamika. Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, mji mwingine wa Kongo, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya waliopona, saba wakaishi. Wataalamu wa nje wakatikisa vichwa: wagonjwa wachache mno, tena hakuna kundi la kulinganisha. Kwa kanuni za utafiti hawakukosea. Ila wazo halikufa. Katika damu ya mtu aliyenusurika Kikwit ikapatikana kingamwili, yaani protini ya mwili inayopigana na kirusi, Muyembe akashirikiana na Wamarekani kuifanya dawa, ikajaribiwa Kongo kwenyewe, na Desemba 2020 ikaidhinishwa Marekani. Toka 1995 hadi 2020, hesabuni wenyewe. Mradi gani wa miaka mitatu ungesubiri hivyo?

Maana ndivyo tunavyoishi: mfadhili huja na swali lake na tarehe yake ya ripoti. Fedha zikiisha, friji zinazimwa na vijana tuliowasomesha wanapanda ndege. Simlaumu, fedha ni zake, na walipa kodi wake watamuuliza. Nawauliza wakubwa wetu. Mwaka 2007, Addis Ababa, viongozi wa Afrika walirudia ahadi ya kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Korea Kusini hutumia zaidi ya asilimia 4. Sisi hiyo moja bado tunaitafuta kwa tochi.

Nilikuwa na la kusema kuhusu ada za kuchapisha kwenye majarida ya kisayansi, na Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Waheshimiwa wa Hazina mliokaa karibu na mlango, msiondoke kabla ya maswali.