Upande Mzima wa Santuri: Namna ya Kuisikiliza Progi ya Ufaransa

Mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, hamjambo.

Naanza na lawama. Tangazo la leo linasema tumekuja "kuvumbua" bendi za progi za Ufaransa, yaani roki ya tungo ndefu ya miaka ya 1970, zilizojificha. Zimejificha wapi? Kampuni ya kutoa muziki ya Musea, kule Metz, imekuwa ikizirudisha sokoni tangu miaka ya 1980: Pulsar wa Lyon, Shylock na Carpe Diem wa Nice, Atoll wa Metz kwenyewe, Wapassou wa Strasbourg. Nyingi unazipata kwa simu uliyoishika hapo. Tulichokosa ni dakika ishirini za kutulia. Nimelisema hili mara nyingi, na wengine hapa mnaweza kunimalizia sentensi, lakini vumilieni.

Santuri kubwa hubeba vizuri dakika 20 hivi kwa upande. Ukizidisha sana, mifereji hubanana, fundi analazimika kushusha sauti na kupunguza besi, na mikwaruzo ya sindano inaanza kushindana na muziki. Watunzi wale waliujua mpaka huo na wakautungia. Chukueni albamu ya Halloween ya Pulsar, ya mwaka 1977: kila upande ni utungo mmoja. Unaingizwa kwa sauti nyororo ya kike, halafu polepole vinanda, filimbi na gitaa vinajazana. Ukiruka kwenda dakika ya kumi "kuonja", utasikia kelele tu, kwa sababu hukuwepo zilipokuwa zinapandishwa.

Tena kuna Mellotron. Hiki ni kinanda ambacho chini ya kila kitufe pana ukanda wa tepu uliorekodiwa fidla, filimbi au kwaya. Ukibonyeza, ukanda unaburutwa kupita kwenye kichwa cha kusomea. Baada ya sekunde 8 hivi umekwisha, inabidi uachie ili springi iurudishe mwanzo. Sasa mpigaji afanyeje akitaka sauti ndefu? Anahamisha vidole kimoja kimoja: huyu anaachia, yule bado anaimba, wa tatu anaanza. Ndiyo maana fidla zile zinapanda na kushuka kama zinahema, na zinakuachia nafasi ya kuwaza. Sikilizeni mianzo ya sauti, kila mmoja una mtikisiko kidogo. Tepu hiyo.

Haya, simu inaharibuje? Kwanza, ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo ovyo: uzimeni. Pili, ule wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine: uzimeni pia, maana unakata miisho iliyokusudiwa kuwa kimya. Tatu, faili za MP3. Zimegawanywa katika fremu, yaani visehemu vya sauti vya kama milisekunde 26 kwa ubora wa CD, na kipande cha mwisho kisipojaa fremu hujazwa ukimya. Utungo mmoja ukikatwa vipande vinne, kwenye kila kiungo unasikia kikwazo kidogo, kama programu yako haijui kukiondoa. FLAC, aina ya faili isiyopunguza chochote katika sauti, haina shida hiyo. Nne, kusawazisha sauti: ukichagua kwa wimbo, kipande cha kunong'ona kinapandishwa hadi kilingane na cha kupiga kelele. Chagueni kwa albamu, au zimeni kabisa. Na zile nyimbo za nyongeza zinazobandikwa mwisho wa matoleo mapya, msiziruhusu ziingie zenyewe. Albamu ikiisha, imeisha.

Najua mtu pale nyuma ameshaandaa swali: "Kifaransa hatukijui." Jamani! Franco na OK Jazz mmewacheza miaka yote, wangapi humu wanajua Kilingala? Na sebene mliisubiri bila kulalamika. Basi albamu ya Gialorgues ya Shylock, 1977, haina neno hata moja. Bendi ya Magma ndio kabisa: kiongozi wao, mpiga dramu Christian Vander, aliwatungia lugha yao wenyewe, kwa hiyo hata Mfaransa wa Paris anakaa pembeni nanyi.

Mwingine atasema hawa ni nakala za Waingereza. Shylock waliisikiliza sana bendi ya Kiingereza ya King Crimson, sibishi. Lakini nionyesheni Mwingereza aliyenakiliwa na Wapassou katika Messe en ré mineur, 1976: fidla, gitaa, vinanda, bila dramu wala gitaa la besi, utungo mmoja pande zote mbili. Hapo hakuna anayekuhesabia mapigo. Dakika tano za mwanzo utadhani kuna kitu kimesahaulika studio. Vumilia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bendi ya Ange ya Belfort, basi, kwa kifupi: huo ni mchezo wa kuigiza wenye gitaa, na hapo Kifaransa kinasaidia kweli, nakiri. Bendi ya Heldon na sintesaiza za kiongozi wake, Richard Pinhas, zinataka mhadhara wao. Magma msianze nao! Kila mwaka kuna anayeanza na Mekanïk Destruktïw Kommandöh ya 1973, anakimbia, kisha anatangaza kwamba Ufaransa nzima ni wazimu. Ni albamu kubwa, lakini iwe ya tano au ya sita.

Anzeni na upande wa pili wa Gialorgues, "Le cinquième", kama dakika 19. Hedifoni za waya, simu kwenye hali ya ndegeni, sauti ya wastani: mwanzo ni mtulivu, na ukiupandisha sana utajuta baadaye. Maswali sasa, ila la Kifaransa nimeshalijibu.