Umeme Unavyofika Majumbani: Safari ya Mwisho Kutoka Kwenye Transfoma

Waheshimiwa wazee, walimu na ndugu zangu wa Tabora,

Umeme mtakaowasha jioni ya leo utazalishwa saa ileile mtakayoutumia. Mitambo ya maji ya Kidatu, Mtera na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, pamoja na mitambo ya gesi ya Dar es Salaam, yote hulisha gridi moja ya Taifa, na mji wetu hupokea sehemu yake kwa njia ya kilovoti 132 (yaani volti 132,000) itokayo Shinyanga.

Kwa nini kilovoti zote hizo, ilhali taa inahitaji volti 230 tu? Waya unaopitisha mkondo, yaani umeme unaotiririka ndani yake, hupata joto, na joto hilo ni umeme unaopotea njiani. Msongo, yaani volti, ukipandishwa mara 10, nguvu ileile husafiri kwa sehemu moja ya kumi ya mkondo, na kwa kuwa joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, upotevu katika waya uleule hushuka hadi sehemu moja ya mia. Mjini msongo hushushwa kwa hatua, na transfoma ya mtaani ndiyo huumalizia.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Kuanzia kwenye transfoma msongo ni mdogo na mkondo ni mkubwa, kwa hiyo kila nguzo inayoongezwa hula volti kadhaa. Saa mbili usiku, mtaa mzima unapowasha taa, televisheni na pasi, nyumba ya nguzo ya mwisho hubaki na umeme mdogo: feni huzunguka kwa uvivu, na friji hunguruma bila kuwaka, huku kompresa, yaani pampu yake ya kupoza, iliyokwama ikivuta mkondo mwingi hadi inaungua. Kwa maoni yangu, mtaa mpya unaopelekewa nguzo nyingi bila kuongezewa transfoma umepewa nusu ya huduma, na viongozi wa mitaa wanapoomba umeme waombe vyote viwili.

Kabla ya kununua stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, mwambie fundi apime volti kwenye mita mchana na kisha usiku. Zikishuka pale pale kwenye mita, tatizo liko kwenye laini na litolewe taarifa. Zikiwa nzuri kwenye mita lakini haba kwenye soketi, nyaya za ndani ni nyembamba au zimeungwa vibaya, na hizo ni juu ya mwenye nyumba kuzibadilisha.