Salamu Haiishii kwenye Jibu la Kwanza

Walimu wenzangu, wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wengine hamjambo.

Neno hili nimelisema katika kumbi nyingi na leo nitalirudia, kwa kuwa bado tunafundisha salamu kana kwamba ni jozi za kukariri: hujambo, sijambo, shikamoo, marahaba, mambo, poa. Mwanafunzi akizimudu jozi hizo tunampa alama zote, naye hutoka darasani akiwa bado hajui kusalimiana. Jibu la kwanza katika Kiswahili ni la adabu. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri" au "njema" hata kama ameacha mgonjwa kitandani, na hasemi uongo. Anaipokea salamu kwanza, kisha anasubiri kuulizwa tena.

Wengine mmeshanisikia nikisimulia niliyoyashuhudia dukani, Tanga, lakini vumilieni. Bibi mmoja alikuja kununua mafuta ya taa. Kijana mwenye duka akamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" "Sijambo. Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo." "Na babu je?" "Hajambo kidogo." Hapo kijana aliacha kupima mafuta, kwa sababu alijua, kama mnavyojua ninyi, kwamba anayesemwa hajambo kidogo bado anaumwa, ila msemaji anaona haya kukutwika mzigo wake. "Kidogo vipi, bibi?" Ndipo bibi alipoeleza kwamba mzee hali chakula tangu juzi, na kwamba amekosa mtu wa kumsaidia kumfikisha hospitali. Kijana alifunga duka wakaondoka pamoja. Kama angeridhika na lile "nzuri", bibi angelipa, akachukua mafuta yake, akarudi na shida yake nyumbani.

Najua atasimama mtu aseme kwamba mjini hakuna muda, na kwamba karani mwenye foleni ndefu hawezi kuuliza habari za babu wa kila mtu. Sikumwomba afanye hivyo. Watu wanaopishana barabarani husalimiana huku wakitembea, na hakuna anayelaumiwa kwa kutosimama. Ninachokikataa ni mkubwa ambaye mtu amemjia na haja, naye anaitikia "marahaba" macho yakiwa kwenye simu, kisha jioni analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu! Shikamoo hutolewa na mdogo, lakini mkubwa akishaitikia, zamu ya kuuliza ni yake, yeye ndiye anayepaswa kuendelea, "Hujambo? Mama hajambo?", na mtoto anayenyimwa swali hilo kila siku mwishowe huacha kuamkia.

Wala msiniambie kwamba tatizo ni "mambo" na "vipi". Vijana wa Dar es Salaam wakishaambiana "mambo" na "poa" hufuatisha "niambie" au "za siku nyingi?", na wa Nairobi wenye "sasa" na "niaje" nao wana njia zao za kuendelea. Kanuni wanaijua, maneno tu ndiyo mapya. Anayempelekea mzee "mambo" amekosea, lakini kosa hilo mama yake atalisahihisha kabla ya jua kutua.

Kuhusu "jambo" ya hotelini nitasema machache. Msiwacheke wageni, maana huko Goma na Bukavu watu husalimiana "jambo" na mazungumzo yao huendelea vyema. Kinachomkwamisha mgeni ni kwamba hakuna aliyemfundisha swali la pili.

Nilikusudia kuzungumzia hodi na salamu za msibani, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi ombi langu ni kwa mnaotunga mitihani: acheni kumtaka mwanafunzi ajaze nafasi mbele ya "hujambo". Mkalisheni na mwenzake, mmoja aambiwe kwa siri kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa, na mwingine asalimie mpaka alijue hilo.