Amiba Mwenye Nyumba: Unajuaje Kwamba Ni Mpya?

BAKARI: Karibuni tena wasikilizaji. Leo dada Zawadi kaja studio na kopo la udongo. Umeutoa wapi?

ZAWADI: Amani, Usambara Mashariki. Ni mboji ya juujuu, majani yaliyokwisha kuoza. Ukiiminya inatoa maji. Humu mnaishi amiba wenye magamba. Wengi wao hawazidi sehemu ya kumi ya milimita.

BAKARI: Amiba tuliyesoma shuleni hana hata umbo. Huyu nyumba kaijengaje?

ZAWADI: Wapo wanaookota chembe za mchanga na kuzigandisha. Wapo wanaojitengenezea vigae vya silika, vinang'aa kama kioo. Halafu kuna Nebela. Huyu anamla amiba mwenzake mdogo, anammeng'enya, ila vigae vya nyumba yake havitupi. Anaviweka mwilini. Siku ya kujigawa anavisukuma nje kupitia mdomo wa gamba, vinajipanga kuwa gamba la pili. Midomo miwili inakuwa imegusana, na nusu ya mwili inahamia nyumba mpya.

BAKARI: Subhanallah! Na vigae vya aliyeliwa vinaonekana?

ZAWADI: Vinaonekana kabisa. Vya duara, vya yai, vikubwa kwa vidogo, vimebanana. Nikimpata mmoja kwenye hadubini huwa nasahau hata chai.

BAKARI: Sasa ukikuta gamba geni, si unalipa jina tu?

ZAWADI: Hapana, kaka. Chukua Nebela collaris. Ehrenberg, Mjerumani, alimweleza mwaka 1848. Kwa zaidi ya karne watu walitazama umbo: kama kachupa, basi ni yeye. Jeni zilipoanza kusomwa, yule mmoja akaonekana kuwa kundi zima. Mwaka 2015 watafiti walimtangaza wa nane, Nebela gimlii, kutoka kinamasi kimoja cha Uswisi. Ni mfupi mnene, wakampa jina la Gimli, kibeti wa hadithini.

BAKARI: Wanane ndani ya jina moja! Na jeni unazitoaje kwa kiumbe kama huyo?

ZAWADI: Unamvuta mmoja mmoja kwa mrija mwembamba wa kioo, unamsuuza tone hadi tone, usije ukasoma jeni za viumbe wengine waliomganda. Na kabla ya kumpasua, picha! Mimi niliwahi kumpata mwenye shingo iliyopinda, nikaharakisha. Jeni nilipata, sura yake sina. Inaniuma mpaka leo.

BAKARI: Pole sana. Baada ya hapo?

ZAWADI: Vipimo. Urefu, upana, mdomo, gamba baada ya gamba, mpaka ujue umbo lao linabadilika kiasi gani. Mengine unayapaka dhahabu kwa hadubini ya elektroni. Kisha unaandika maelezo, na kielelezo kinahifadhiwa makumbusho, ili atakayekuja kukupinga akione kwa macho yake. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko jina.

BAKARI: Na humu koponi?

ZAWADI: Jana usiku nimemwona mwingine mwenye shingo iliyopinda. Safari hii nimempiga picha kila upande.

BAKARI: Basi mtangaze!

ZAWADI: Kwa mmoja? Huenda gamba lilipinda tu likiwa bado bichi. Masika narudi Amani, mti uleule, upande wa mizizi unaokaa na maji.

BAKARI: Mkoba nitakubebea mimi.